Mgeni Aliyezaliwa Mtaa wa Pili

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa kifupi, maana aibu yangu ni ndefu na nafasi niliyopewa na mhariri ni fupi.

Nilirudi mji niliozaliwa baada ya miaka thelathini na minane ya kuzurura. Mkononi begi moja, kiunoni maumivu. Palipokuwa na nyumba yetu nikakuta duka la vioo. Nikamuuliza mwenye duka habari za watu wa pale.

“Wale wa zamani? Walishakufa wote, mzee.”

Nikajiona kwenye vioo vyake mara kumi na mbili, na wote kumi na wawili tulikuwa tunalia.

Kulia hakushibishi. Mtaa wa pili kutoka pale kulikuwa na kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Nikaenda kuomba kazi. Bosi akanitazama meno kama mnunuzi wa punda, akasema, “Wazee wa hapa ninao wa kutosha.” Siku ya tatu nikarudi nimevaa kofia ya manyoya niliyoshinda kwenye karata bandarini, nikauzungusha ulimi, nikasema natoka ng'ambo, nchi ya mbali sana.

Nikaajiriwa kabla sijakaa. Kumbe kwenye fomu yake kulikuwa na kisanduku cha “mfanyakazi mgeni”, na kisanduku kilikuwa kitupu.

Ndivyo nilivyogeuka mgeni katika mtaa nilikoota meno.

*

Sasa sikia ile fomu ilikuwa ya nini.

Kampuni moja kubwa ya mahoteli ilikuwa inatafuta watu wa kuifulia. Sharti lake lilikuwa kwamba kiwanda kiwe na watu wa kila namna: wanawake kwenye kazi za wanaume, wanaume kwenye kazi za wanawake, wazee, wageni, wenye ulemavu, na watu wa dini tofauti. Visanduku sita. Mkaguzi angekuja kuangalia kwa macho yake.

Bosi akaniita. “Mzee wa ng'ambo, hii tenda tukiipata, wewe nakupa barua ya ajira ya kudumu. Na chumba cha nyuma, kile chenye dirisha.”

Wewe unayesoma haya ukiwa umekaa ofisini huenda usione uzito wake. Mimi nimebeba magunia, nimepaka meli rangi, nimechunga mbuzi wa watu, nimewapikia watu wasiojua kula. Sijawahi hata siku moja kuwa na karatasi inayosema kesho nije tena. Na chumba kile nilikuwa nimekwenda kukichungulia. Kilikuwa na kitasa kinachofunga kwa ndani.

Nina miaka sitini na mitatu. Nilikitaka kile kitasa.

*

Kiwandani tulikuwa watu thelathini na wanne, na masikio yanayofanya kazi sitini na sita. Mawili yasiyofanya kazi yalikuwa ya Mama Kiganja.

Mama Kiganja hasikii tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kusimamia Fisi, mashine kubwa ya kunyooshea mashuka: magogo mawili ya chuma, yana moto, yanazunguka, unalisha shuka huku linatokea kule limenyooka. Tulimwita Fisi kwa sababu hachagui. Shuka, kitambaa cha meza, kidole, kwake yote ni chakula.

Mama Kiganja alikuwa anaweka kiganja ubavuni mwa Fisi na kufumba macho. Akifumbua, anakuambia: beringi ya kushoto imekauka, au mkanda unalegea. Fundi akifungua, anakuta hivyo hivyo. Kiganja kimoja kiliyashinda masikio yetu sitini na sita.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, tukimwita Binti Grisi. Hakuwahi kunawa akatakata.

Usidhani tulikuwa tunapendana. Hilo wanaliandika kwenye kalenda tu. Waliotoka kwenye baridi walitaka madirisha wazi, waliotoka kwenye joto walitaka yafungwe, na siku ya mvua walibadilishana hoja lakini ugomvi ukabaki palepale. Mmoja alikuwa anasali, mwingine anasema sala inapunguza idadi ya mashuka. Mpiga pasi mmoja alifundishwa kwao kwamba mdogo ndiye anayeanza kusalimia. Msaidizi wake alifundishwa kwao kwamba mdogo hafungui mdomo mpaka mkubwa aanze. Wakakaa wiki tatu bila kusalimiana, kila mmoja anamngoja mwenzake kwa adabu.

Lakini Fisi akiwashwa, ulimi haufai. Kelele yake inameza maneno. Kwa hiyo wote tulizungumza kwa mikono ya Mama Kiganja. Vidole viwili vikigongana: shuka limejikunja. Kiganja tumboni: mashine inaumwa. Ngumi kifuani: simama hapo hapo. Wa baridi na wa joto, anayesali na asiyesali, sote tulikuwa na lugha moja. Hata matusi yake tulijifunza. Tena hayo tulianza nayo.

Mimi nilipenda kusimama karibu na Fisi. Marehemu baba alikuwa dobi, na nilikulia chini ya meza yake ya pasi. Mtoto akisogeza mkono karibu na moto, baba alikuwa na maneno yake, ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine katika bandari zote nilizopita: “Mkono nyuma! Nguo ni ya watu, ngozi ni yako!”

Harufu ya shuka la moto ilikuwa inanirudishia baba. Sikumwambia mtu. Mgeni wa ng'ambo anajuaje dobi wa mtaa wa pili?

*

Wiki mbili kabla ya ukaguzi, Bosi akatuletea Afisa Uanuwai, msimamizi wa hiyo habari ya watu wa kila namna. Neno hilo mlinzi wetu alidhani ni jina la ugonjwa, akakataa kumpa mkono.

Alikuwa kijana nadhifu, shingoni kavaa utepe mpana wa buluu wenye kitambulisho na picha yake anacheka. Kila alichokiona alikigeuza hesabu. Kabla jua halijazama tulishambatiza: Bwana Asilimia.

“Mzee wetu!” akaniambia. “Unajua wewe una thamani gani? Wewe ni asilimia tatu!”

“Ya nini, bwana?”

“Ya kiwanda! Na uzee wako nikiuhesabu kando, unakuwa sita.”

“Basi nilipwe mara mbili.”

Hakucheka. Akamgeukia Binti Grisi. “Na wewe, mwanamke kwenye ufundi! Wewe ni dhahabu.”

“Dhahabu inaomba grisi, kaka. Beringi ya Fisi imeanza kukauka.”

“Baada ya ukaguzi. Nimekuletea ovaroli mpya. Nataka ibaki nyeupe.”

“Fundi wa ovaroli nyeupe umemwona wapi?”

“Kwenye picha,” akasema Bwana Asilimia, na ilikuwa kweli. Alituonyesha picha yenyewe.

Akaanza kutupanga kama mtu anayepanga maua kwenye chupa. Aliye mrefu nyuma, mwenye kilemba mbele, mwenye mkongojo mlangoni. Kazi ya mtu hakuiuliza. Aliuliza anaonekanaje.

Mama Kiganja alimtoa kwa Fisi akampeleka mapokezi.

Nikamfuata. “Bwana Asil... Bwana Afisa. Mapokezi kuna simu.”

“Ndiyo.”

“Yule mama hasikii.”

“Mzee wangu,” akaniwekea mkono begani, sauti yake imejaa huruma, “tusiwabague watu kwa kudhani hawawezi.”

Nimezunguka sana duniani, lakini jibu la neno hilo sijalipata hadi leo.

Mimi aliniambia nisimame mlango wa ukumbi na kofia yangu ya manyoya. “Na uwasalimie wageni kwa lugha ya kwenu. Mnasemaje huko?”

Nikaokoteza vipande vya bandari sita nikavibandika. “Burubasha kanta.”

“Maana yake?”

“Karibuni, na... miguu yenu ipumzike.”

“Oo!” Akashika kifua. “Lugha za wenzetu zina hekima!”

Kufika Ijumaa kiwanda kizima kilikuwa kinasema burubasha kanta. Wale wawili waliokaa wiki tatu bila salamu ndiyo waliyosalimiana nayo, kwa kuwa haikuwa na mdogo wala mkubwa. Bosi alikuwa ananisalimia nayo kila asubuhi na kunipa mkono. Nilikuwa nimeleta amani kwa lugha isiyo na nchi, na usiku nilikuwa silali kwa hofu.

Kitu cha mwisho alichofanya Bwana Asilimia ni kuning'iniza bango juu ya Fisi. Kitambaa kirefu, herufi za rangi saba: SISI SOTE NI MAUA YA BUSTANI MOJA.

Juu ya Fisi, kutoka ukuta hadi ukuta, kuna kamba nyekundu. Ukiivuta, Fisi anasimama papo hapo. Bango liliifunika yote.

“Na kamba?” nikamwuliza.

“Inaharibu picha, mzee.”

*

Mkaguzi alikuja Jumanne saa nne asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani, koti la kijivu, daftari. Mtu wa maneno machache. Bosi alikuwa anamkimbilia mbele na kumkimbilia nyuma kama kuku aliyepotelewa na kifaranga.

Wakaanzia mapokezi. Mama Kiganja akasimama, akatabasamu vizuri sana. Simu ilikuwa inalia. Ikaendelea kulia. Mkaguzi akaitazama simu, akamtazama Mama Kiganja, akamtazama Bosi.

“Simu inalia,” akasema.

“Ndiyo, mama,” akasema Bosi. “Tuna wateja wengi.”

Mkaguzi akaandika kitu.

Wakafika kwangu mlangoni. Nikavua kofia, nikainama. “Burubasha kanta.”

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. “Asante, mzee,” akasema, akapita.

Ndani Fisi alikuwa ameshawashwa. Na nani analisha mashuka? Bwana Asilimia mwenyewe! Kashika shuka, mikono ya shati kaikunja, utepe wa buluu shingoni, anatabasamu kama ile picha yake. “Kuonyesha kwamba kazi haina jinsia, mama!” alikuwa anapiga kelele, na hakuna aliyemsikia.

Binti Grisi kasimama pembeni, mweupe kama bata, mikono nyuma.

Kati ya mapokezi na ukumbi kuna dirisha kubwa la kioo. Nikageuka nikamwona Mama Kiganja. Hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza ya mapokezi, macho kayafumba. Jengo letu ni moja na sakafu ni moja. Fisi akipiga chafya, meza ya mapokezi inajua.

Akafumbua macho akanitafuta. Kiganja tumboni. Mara moja, mara mbili. Halafu ngumi kifuani.

Nikamsogelea Bosi, nikamwongelesha sikioni. “Bosi, Mama Kiganja anasema mashine inaumwa. Anasema isimamishwe.”

“Mwambie ashughulike na simu.”

“Bosi, yule mama hajawahi kukosea.”

Bosi akatabasamu kwa ajili ya mkaguzi, na bila kulegeza tabasamu akaniambia, “Mzee, barua yako ninayo hapa mfukoni. Nimeshaiandika. Unataka niichane?”

Nikatikisa kichwa.

Ungamo la leo ni hili. Kofia ni upuuzi, na lugha ya uongo Mungu atacheka nayo. Lakini nilijua Fisi anaumwa, nilimwona mtu amesimama mdomoni mwake, nikarudi mlangoni pangu nikashika kofia yangu kwa ajili ya kitasa.

Hazikupita dakika mbili.

Fisi akaruka. Beringi ya kushoto ililia, hata juu ya kelele zote tuliisikia. Shuka likajikunja mdomoni. Bwana Asilimia, ambaye hakuwahi kufundishwa kwamba shuka lililojikunja huachwa, akainama kulinyoosha. Utepe wa buluu ukalala juu ya shuka. Shuka likaingia. Utepe nao.

Nilimwona akiinama, halafu nikamwona akiinamishwa.

Ulimi wangu ukasahau kwamba ni wa ng'ambo. Nikapiga kelele iliyoishinda hata ya Fisi, kwa sauti ambayo nilidhani ilizikwa pamoja na baba:

“Mkono nyuma! Nguo ni ya watu, ngozi ni yako!”

Nikakimbia, kiuno na yote. Lakini kuna aliyenitangulia. Mlango wa mapokezi ulifunguka kwa kishindo, Mama Kiganja akapita kama moto wa nyasi, akaruka, akalishika bango kwa mikono miwili. Maua yote ya bustani moja yakaanguka chini. Akaivuta kamba nyekundu.

Fisi akasimama.

Pua ya Bwana Asilimia ilikuwa nafasi ya kiganja kutoka kwenye chuma cha moto. Binti Grisi tayari alikuwa amepanda juu na mkasi wa mashuka, akakata utepe. Afisa Uanuwai akaketi sakafuni akajishika shingo, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na hesabu yoyote mdomoni.

Magogo yalipozungushwa kwa mkono, kitambulisho chake kilitokea upande wa pili. Picha yake imenyooka kuliko shuka, na bado inacheka.

Hata simu ilikuwa imechoka kulia.

Bosi akafungua mdomo. Unafikiri alisema nini? Asante? Pole?

“Nani yuko mapokezi?”

Halafu akamnyooshea kidole Mama Kiganja. “Huyu kaacha kituo chake cha kazi mbele ya mkaguzi! Tenda hii ikipotea, nitapunguza watu kumi, na wa kwanza ni huyu!”

Mama Kiganja akanitazama nimtafsirie. Nikashindwa kuinua mikono.

Mkaguzi ndiye aliyesema, taratibu, “Nani aliyepiga kelele?”

Watu wote wakanionyesha. Na Bosi, akiona pengine kuna cha kuokoa, akajaza kifua. “Ni huyu, mama! Ndiye mgeni wetu! Hiyo ilikuwa... nadhani ilikuwa ni sala ya kwao.”

“Naomba nizungumze naye,” akasema mkaguzi. “Peke yetu.”

*

Ofisi ya Bosi ina ukuta wa kioo ili atuone tunavyofanya kazi. Siku ile ikawa wao wote wanatuona sisi. Mkaguzi akafunga mlango. Hakukaa.

“Yale maneno umeyatoa wapi?”

Nikauzungusha ulimi haraka. “Mimi sikia bandarini, mama. Watu sema sana bandarini.”

“Bandarini hawasemi hivyo. Maneno yale duniani aliyasema mtu mmoja tu.”

Akavuta mkono wa koti. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kovu dogo la pembe tatu, ncha ya pasi ya mkaa.

Ndugu msomaji, mimi nalijua kovu lile. Nililipuliza mimi. Alikuwa na miaka mitano, baba alikuwa amekwenda kuchota maji, na mimi ndiye niliyeachiwa kumwangalia. Alipokuwa na miaka minane nikaondoka bila kumuaga. Nilimwambia nakwenda dukani.

Nikakaa kwenye kiti cha Bosi.

“Kaka,” akasema.

Nikalitazama kovu.

“Duka gani hilo ulilokwenda, kaka? Miaka thelathini na minane?”

“Mdogo wangu...”

“Tumekulilia msiba mara mbili.”

“Mara mbili?”

“Mara ya kwanza tulisikia umezama. Mara ya pili tulisikia umeoa.”

Nikacheka, na yeye karibu acheke, halafu wote tukakumbuka kwamba tunatazamwa. Akafungua daftari akajifanya anasoma.

“Mwenye duka la vioo aliniambia mmekufa wote,” nikasema.

“Yule? Tulishtakiana naye kwa ajili ya kile kiwanja. Kwake yeye sisi ni marehemu tangu siku ya hukumu. Baba ndiye aliyekwenda kweli, huu mwaka wa kumi na moja.” Akageuza ukurasa usio na kitu. “Mama yupo.”

“Unasema?”

“Mama yupo. Tunakaa nyuma ya shule. Macho hayaoni vizuri, lakini akili ni ileile na mdomo ni uleule. Mtu akibisha hodi, swali lake ni moja: ‘Ni yeye?’ Anabisha mtoza bili za maji, ‘Ni yeye?’ Anabisha jirani kurudisha sufuria, ‘Ni yeye?’”

Nje ya kioo Mama Kiganja alikuwa ananitazama. Akainua mkono, akazungusha kidole: nani huyo?

“Nipeleke,” nikasema. “Nipeleke sasa hivi.”

“Ngoja.” Akaweka fomu mezani mbele yangu. “Hii ni kazi yangu, kaka, na nimeifanya miaka kumi na tisa bila doa. Visanduku sita. Vitano nimeviona kwa macho. Yule mama aliyevuta kamba na yule wa mkasi, hao hawakuhitaji kupangwa na mtu. Wangeachwa mahali pao tu. Nitaandika hivyo, na Bosi wako ataagizwa awarudishe.”

“Na cha sita?”

“Cha sita ni wewe.”

Nikaelewa.

“Nikisaini kwamba wewe ni mgeni, kiwanda kinapata tenda, yule mama haguswi, na wewe unapata hiyo barua ambayo Bosi wako anaipapasa mfukoni tangu nilipoingia. Lakini nikishasaini, wewe ni mgeni. Siwezi kusaini leo, kesho ukaonekana unaingia mlangoni kwetu unaitwa mwanangu. Nitafukuzwa mimi, na nyie mtanyang'anywa kila kitu.”

“Na usiposaini?”

“Tenda inakwenda kile kiwanda cha upande wa pili wa mji. Kule wafanyakazi wote ni wapwa wa bosi, lakini fomu zao zimejazwa vizuri zaidi.”

“Na mama?”

“Mama nitamwambia leo kwamba aliyebisha ni yeye.” Akafunga daftari. “Au sitamwambia kitu. Unachagua wewe. Siku ile ulichagua peke yako, sasa chagua mbele yangu. Wewe ni mgeni au mwenyeji?”

Nikamtazama Mama Kiganja kwenye kioo. Asubuhi ile tu nilikuwa nimemuuza kwa kitasa. Nikamwaza mama nyuma ya shule, ameelekeza sikio mlangoni.

Nikafungua mdomo nimjibu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bosi! Uso unang'aa, mkononi barua yangu, imeshapigwa muhuri, wino bado mbichi. Nyuma yake Bwana Asilimia, shingo nyekundu, kashika kamera. Nyuma yao kiwanda kizima kimejazana mlangoni.

“Mzee wetu, hongera!” Bosi akaniwekea barua mkononi. “Mama mkaguzi, uone tunavyowathamini wageni! Mzee, usione haya. Mshukuru mama hapa. Mshukuru kwa lugha ya kwenu!”

Kamera ikainuliwa. Barua ilikuwa nyepesi, nyepesi kuliko nilivyodhani.

Mdogo wangu akaweka kalamu juu ya fomu, akaivua miwani, akanitazama kwa macho ya mama.

“Ndiyo, mzee,” akasema. “Tusikie. Kwenu wanasemaje?”